Alama za Chaki Ngazini

Jimu ya Bado Moja,
Nyuma ya gereji.
Jumapili, 14 Julai.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu za mjomba wako, nzito kama vyuma vyangu. Hujambo wewe na mumeo? Wajukuu zangu wanakula vizuri, au bado yule mdogo anaficha mboga chini ya sahani? Na huko baridi imepungua, au mnalala na makoti? Sisi huku tu wazima. Mimi ndiyo usiseme. Juzi nilipiga chafya, mafundi wa gereji wakatoka mbio kutazama tairi lipi limepasuka.

Barua yako nimeipata. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mara ya pili ikabidi nikae. Unasema ukija mwisho wa mwezi ujao utamchukua mama yako akaishi kwako, cherehani iuzwe, na chumba chake cha kushonea kule ghorofani arudishiwe mwenye nyumba, kwa kuwa mguu ulioguswa na kiharusi hauwezi tena kupanda ngazi. Sikulaumu. Uchungu wa mama anaujua mwana. Lakini kabla hujatafuta mnunuzi, nisikilize mimi ninayekuwa naye kila asubuhi.

Kwanza ujue siendi kichwakichwa. Shule ilinikimbia mapema, ni kweli, lakini mwili wa binadamu naujua kama fundi anavyojua injini. Hata hivyo nilikwenda na mama yako kwa daktari wa viungo, nikamuuliza maswali mpaka akavua miwani. Akasema mazoezi mafupi, mapumziko marefu, na asinyanyue kitu kizito. Nikamwambia daktari, hayo ndiyo ninayosema siku zote. Akacheka tu.

Basi mashine yetu ni kiti. Kile kile cha jikoni. Anakaa, anasimama bila kushika meza, anakaa tena polepole kama mtu anayetua trei ya mayai. Watu wanadhani nguvu ni kunyanyua chuma. Chuma nimenyanyua mimi, tena ule mtaimbo uliopinda hapa mlangoni niliupinda kwa mabega yangu, wenye wivu wasikwambie ni lori lilirudi nyuma likaukanyaga. Lakini nguvu yenyewe ni kuinuka kwenye kiti chako mwenyewe bila kumwita mtu.

Chakula nacho nimekishughulikia. Chumvi kidogo, mboga nusu sahani, maharage, yai, maji ya kutosha. Tatizo lilikuwa sukari. Unamjua mama yako na chai. Nilipoitoa sukari jikoni alikubali haraka mno, nikasema hapa pana jambo. Siku moja namchukulia kikombe nikioshe, nikasikia kitu kinagonga chini. Kifungo! Kifungo cha shati, cheupe. Kumbe sukari ameihamishia kwenye kopo la vifungo. Nikamwonyesha. Akanitazama usoni bila kupepesa, akasema, "Ndiyo maana shati la karani lilipungua kifungo." Tangu hapo tumepatana, kijiko kimoja asubuhi, na kopo nalikagua mimi.

Sasa nije kwenye ngazi, maana ndiyo shauri lenyewe.

Jina la jimu yangu unalijua limetoka wapi. Mtu akichoka na chuma mkononi, mimi humpigia kelele, "Bado moja!" Akiimaliza, "Bado moja!" Ndivyo misuli inavyojengwa, kwa kuambiwa mwisho uko hapa kumbe uko kule. Kuna dereva wa lori nilimwambia bado moja, nikatoka kunywa maji, nikapiga soga gereji, niliporudi nikamkuta bado ananyanyua na shati limempasuka mgongoni kwa misuli mipya. Mpaka leo ananishukuru.

Basi siku ya kwanza ya ngazi nikamtumia mama yako dawa hiyo hiyo. Mkono mmoja kwenye chuma cha pembeni, mimi nyuma yake kama ukuta. Akafika katikati, jasho linamtoka, akauliza zimebaki ngapi. Nikasema, "Bado moja, dada!" Akakusanya nguvu zake zote, akapanda. Nikasema, "Bado moja!" Akapanda. Niliposema ya tatu, akainua macho, akaona ngazi ilivyobaki, akaketi pale pale. Fundi saa wa ghorofani alikuwa anashuka, ikabidi apite pembeni kwa ubavu.

"Dada, inuka, watu wanapita," nikamwambia.

"Waache wapite. Mimi nimekubeba mgongoni, leo unanifanya mtoto?"

"Ni mbinu ya kazi, dada."

"Mbinu yako kawape wenye miguu miwili. Mimi mguu ninao mmoja na huu wa kuazima. Ukiniambia moja, naweka kila nilichonacho kwenye hiyo moja. Sasa ya pili niipandie nini?"

Fundi saa akadakia, "Hapo umepimwa, Bado Moja, na umepelea." Nikamwambia akatengeneze saa zake, zote zinachelewa.

Mpwa wangu, alikataa ngazi siku kadhaa. Kiti anakubali, ngazi hapana. Hapo ndipo nilipoogopa, nakwambia wewe tu. Mguu dhaifu unatibika, lakini mtu akiacha kukuamini huna zoezi la kumpa.

Ndipo tukapata mbinu mpya. Tumeibuni pamoja, ila jimu yangu ndiyo ya kwanza kuitumia duniani. Anachukua ile chaki yake ya kuchorea vitambaa, ananipa, na kabla ya kuanza ananionyesha leo ataishia wapi. Mimi napanda kuchora alama ukutani. Akifika kwenye alama, tumemaliza. Hata akiwa na nguvu za kuendelea, tunashuka. Hata mimi ulimi ukiniwasha, namung'unya maneno. Kesho yake anaamua mwenyewe kama alama ipande au ibaki. Kuna siku aliirudisha chini, nami nikaichora chini bila neno. Na hiyo, kwangu mimi, ilikuwa nzito kuliko mtaimbo.

Ijumaa alionyesha mlango wa chumba chake. Alipanda akipumzika mara nyingi, mguu ule bado unaburuta kidogo, sitakuficha. Akafika. Akafungua kufuli mwenyewe, akafuta vumbi, akaketi kwenye cherehani, akaweka miguu yote miwili kwenye kikanyagio. Gurudumu likarudi kinyume, uzi ukakatika. Akatunga tena. Ukakatika tena. Mimi nimesimama hapo, hilo neno langu limejaa mdomoni mpaka mashavu yanauma, nikanyamaza. Mara ya tatu cherehani ikashika mwendo. Fundi saa akagonga ukuta kutoka chumba cha pili, si kwa kulalamika.

Kisha akavuta futi, akanipima kiuno ili anishonee suruali ya mazoezi. Akapima, akanitazama, akapima tena, akacheka mpaka akashika meza. Nadhani ile futi kwa kukaa bila kazi imerudi, kama kitambaa kilichofuliwa.

Mama yako anasema ile fimbo ya kutembelea uliyoandika utamletea, usinunue. Lete sindano nene za cherehani, za kushonea jinzi, kwa kuwa huku zinavunjika ovyo. Anasema pia atafurahi kukutembelea kwako, na akasisitiza neno kutembelea.

Msalimie mkwe wangu wa miwani, mwambie kitambi si cheo. Mbusu yule mficha mboga, na dada yake Kidoti. Shangazi zako wote wanakusalimu. Mungu awape pumzi ndefu na usingizi mnono.

Ukifika, usimwite mama yako akushukie. Panda ukifuata zile alama ukutani, sijazifuta hata moja. Na shauri la kuhama mwulize yeye huko juu, uso kwa uso. Chaki anayo yeye.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye bila kupumzika,
Bado Moja.