Afisa Ataingia Majini

Arua, 2 Agosti 1993

Mpendwa Mjomba Sule,

Salamu kwako na kwa nyumba yote. Mimi mzima, ila usingizi haba. Ijumaa ya tarehe 20 ofisi yetu inakuja Koboko kupima ziwa lenu. Hutazama majani yanayoota chini ya maji: yakiwa ya aina nyingi, na yakifika kwenye kina kirefu, basi mwanga unapenya na ziwa ni zima. Likionekana gonjwa, uvuvi utafungwa. Tafadhali watangazie watu hivi: Afisa ataingia majini, atang'oa majani na kuyahesabu. Mwingine yeyote asiguse.

Mpwa wako,
Drani

Koboko, 11 Agosti

Mpwa wangu,

Salamu. Sisi wazima, isipokuwa Afisa iko na homa. Siku tano mke wangu ameshinda majini mpaka shingoni. Nilishangaa ofisi ya Arua imejuaje jina lake, lakini amri ni amri, mimi nimekaa jeshini. Yeye anasema, "Huyo Drani akija, nitamlisha haya majani." Dada zake walitaka kumsaidia, nikawafukuza kama ulivyoandika. Amemaliza yote. Iko 4,316. Ziwa sasa safi kama uwanja wa gwaride.

Mjomba wako,
Sule

Arua, 14 Agosti

Mjomba,

Salamu, na pole nyingi kwa Mama Afisa. Mjomba, afisa ni cheo. Niliogopa kumtaja mkubwa wangu kwa jina, barua isije ikasomwa njiani. Ni Bwana Enoch. Yeye angeng'oa machache tu, akayarekodi. Sasa atakuta ziwa tupu, na kwake ziwa tupu ni maiti. Atauliza nani aliandika barua. Nakuomba, msinitaje, na msisafishe kitu kingine chochote.

Mpwa wako,
D.

Koboko, 30 Novemba

Mpwa wangu,

Salamu. Homa ya Afisa ilipona. Wewe umenyamaza tangu Agosti, nadhani umejificha. Bwana Enoch alifika, akatazama maji ya tope, akatazama rundo la majani makavu, akauliza nani amefanya haya. Tukasema ukweli: Afisa. Akadhani tunamcheka. Amefunga uvuvi mpaka majani yarudi, akasimamisha kibao: HAKUNA KUVUA BILA RUHUSA YA AFISA.

Tangu siku ile mke wangu anakaa pale na fimbo. Hata mimi amenifukuza mara mbili. Lakini majani yameanza kurudi, aina tatu kati ya zile tisa alizong'oa. Anayahesabu kila Ijumaa bila kuyagusa.

Jina lako hatukulitaja. Njoo utusalimie, ila upite kwa Afisa kwanza.

Mjomba wako,
Sule