Saa Kumi Zenu, Saa Nane Zetu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua kwenye ngazi za shule. Wapwa wangu hawajambo? Mimi sijambo, ila mgongo tu, lakini kinyozi asiyelalamikia mgongo bado hajaanza kazi.

Uliniuliza maisha ya huku yakoje. Dada, huku jua linachelewa. Wewe ukiwa umeshaingia kipindi cha pili, mimi ndio kwanza natafuta ndara chini ya kitanda. Kwenu saa moja asubuhi barabara imeshafagiwa. Huku saa hiyo utakutana na muuza magazeti na paka wake. Mchana maduka yanafungwa, watu wanatoa viti nje na kupiga soga mpaka jua lipoe. Kwetu ningeitwa mvivu, huku mwenye saluni, mjane tunayemwita Mama Mkasi, ananigombeza nikigusa mashine wakati huo.

Hata saa wanazihesabu kivyao, kuanzia katikati ya usiku. Wiki ya kwanza Mama Mkasi aliniambia nifike saa nane. Nikafika saa nane ya kwetu, nimeshiba, nimechana nywele, nikamkuta ameshanyoa vichwa kumi na moja peke yake. Akaniuliza kama kwetu asubuhi huanza baada ya chakula cha mchana. Siku hiyohiyo nikanunua saa mbili za ukutani, moja ya huku, moja yenu.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike badala ya kupiga simu.

Ile siku ya mwisho ya Baba, tulikubaliana nipige saa kumi zenu, ambazo ni saa nane zetu huku, kwa sababu jioni homa ilikuwa inampanda. Ukamwegemeza kwenye mito, ukamnyoa ndevu kama nilivyokuelekeza. Sikupiga. Ukanipigia wewe, sikupokea. Nilipopiga baada ya saa mbili alikuwa ameshapoteza fahamu, na alfajiri akatutoka. Nikakuambia nilidhani umesema saa kumi za huku, na kwamba simu ilikuwa inachajiwa kwa jirani. Ukalia, ukaniomba msamaha kwa kutonieleza vizuri. Mwaka mzima sasa, kila ujumbe wako una “saa zetu” na “saa zenu” mara mbili mbili, kama mtoto aliyekwisha kuchapwa.

Dada, hukukosea. Saa niliijua. Simu ilikuwa mezani, kando ya kitana, nikaiona inaita. Nilikuwa nimemnyoa nusu kichwa mteja wa mwisho kabla ya kufunga mchana. Akaniambia, “Pokea bwana, mimi siendi popote na kichwa hiki.” Nikamjibu si ya muhimu, nikaigeuza kifudifudi.

Ulikuwa umeniambia sauti ya Baba imebaki kidogo sana. Mimi niliyokuwa nayo ni ile ya kuniita kutoka uani mpaka majirani wanaitika. Niliogopa nikisikia nyingine, hii itanitoka. Huo ndio uoga wangu wote, sina kingine cha kujitetea.

Halafu, baada ya mazishi, ukanisimulia kwamba alipochoka kungoja alicheka, akasema mwacheni, huenda ana kichwa cha mtu mikononi. Kweli nilikuwa nacho. Yeye alinitetea, wewe ukajilaumu, na mimi nikakaa kimya katikati yenu.

Nitakuja shule zikifungwa. Ukitaka kunifokea, nifokee. Ukitaka kuninyamazia, nitakaa nje ninyoe wapwa wangu mpaka moyo wako utulie. Sikuharakishi kunisamehe. Ila leo hii, kabla hujaikunja karatasi hii, ujue kwamba Baba hakuikosa sauti yangu kwa sababu yako. Wewe ulimfikisha mpaka kwenye simu.

Shemeji mpe mkono wangu, na watoto wakumbatie mmoja mmoja, hata yule mkubwa anayejifanya hataki.

Akupendaye,
mdogo wako, kitindamimba