Usione Haya Kudai Malipo ya Uzazi

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu kutoka Mombasa. Mamako hajambo; mimi pumzi zinaisha, basi sikufichi neno. Waniuliza kama ni aibu kumdai tajiri wako malipo ya likizo ya uzazi.

Nilipokuwa mwalimu Kismayo, nina mimba ya mamako, nilidai malipo kama hayo; mkuu wa shule akaniambia, "Mwalimu, mumeo si mvuvi? Na akulishe."

"Samaki ni wake, mshahara ni wangu," nikamjibu, nikaketi ofisini mwake mpaka akalipa.

Shangazi zangu walitaka pesa zote ziishe kwenye karamu ya arobaini ya mtoto. Nilikataa, wakanisema mji mzima. Vita vilipoingia, mamako angali mchanga, pesa hizo ndizo zilizotulipia mashua ya kukimbilia Kenya.

Dai chako chote, ukigawe kwa miezi utakayokaa nyumbani. Tajiri akinuna, mwache anune.

Bibi yako