Sato wa Kaka Ngosha

Buswelu, Krismasi

Mdogo wangu Winnie,

Salamu nyingi huko novisiati kwa masista, wasikoruhusu simu. Goti la mama limepoa, na mahindi yamestawi.

Tumegombana tena kuhusu chakula. Mimi nilitaka pilau na kuku. Kaka Ngosha akashikilia kwamba Krismasi ya marehemu baba ilikuwa ugali na sato, akaleta sato alionunua ziwani kwa watu asiowajua. Nilipowapara sikuona jeraha la ndoano wala alama ya wavu. Nikasema wamevuliwa kwa sumu.

Mama akanijibu, "Kila mwaka unatafuta sababu ya kutulisha pilau yako!"

Ngosha, kunikomoa tu, akanywa bakuli zima la mchuzi, akasifu utamu, akaenda misa na mama. Mimi nikabaki jikoni.

Muda si mrefu nikamkuta paka aliyekula matumbo ya wale samaki. Amekauka chini ya tenki, povu mdomoni. Nimepiga simu zao zote, wamezima. Sufuria nimeimwaga chooni.

Sasa nawasikia getini. Mama anamwita Ngosha, anarudia kumwita. Ngosha haitiki.

Dada yako,
Milembe