Zilizogeuka Njiani

Japani, Oktoba 2024. Mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke Korogwe.

Mdogo wangu Mwanaidi,

Natumaini goti limepoa na vuli imeanza huko Manundu. Uliniuliza kama uendelee kunitunzia chumba cha marehemu mama, au aingie mwanao Rehema na wanawe. Leo nakujibu.

Jana nilishushwa na wageni wenzangu chini ya mlima, kwenye ubaridi wa pangoni, kuona tangi la maji refu kuliko mnara wa msikiti wetu. Linanasa nyutrino, chembe ndogo zinazopenya mwamba kama hewa. Wanasayansi wanazirusha kutoka pwani ya huku, mbali kama Korogwe na Dar es Salaam. Huzipima zinapotoka, kisha zinapofika, na aina iliyorushwa hukutwa imepungua.

"Zimepotea njiani?" nikamuuliza binti aliyetutembeza.

"Hapana, mzee. Zimegeuka aina nyingine. Zisingekuwa na uzito, zisingegeuka. Ila ni uzito kiasi gani, bado tunatafuta."

Nikakumbuka simu ya juzi. Mtoto wa Rehema aliniamkia, "Shikamoo, babu," nami nikamjibu, "Asante." Nikakusikia nyuma yake ukicheka: "Mwache huyo, keshakuwa Mzungu!" Marahaba ilinijia nimeshakata simu.

Kwa hiyo mpe Rehema chumba. Harufu ya mkonge uliolowa mvua bado naijua, na sauti yako naijua hata ukikohoa tu. Mungu akutunze, mdogo wangu, na watoto wote. Mimi sitarudi.

Kaka yako,
Athumani