Rafu ya Vitabu vya Tomoharu

Sendai, 9 Novemba 1997

Baba mkwe mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi hii? Mimi sijambo.

Tangu tumalize mwaka wa msiba, naitazama tu rafu ya mume wangu Tomoharu. Muuza vitabu vikuukuu alikuja kuvichukua, nikamfungia mlango. Nimeona nikuletee wewe, kimoja kimoja. Najua mligombana kwa ajili ya vitabu hivi hivi. Usipovitaka nirudishie, sitakasirika.

Hiki ni cha mtu aliyefuatilia mikunga, wale samaki kama nyoka, maisha yake yote.

Mkweo,
Chizuru

Yokote, 30 Novemba 1997

Mkwe wangu Chizuru,

Marahaba. Mzima mimi, ila magoti yananung'unika. Theluji imefika dirishani.

Kitabu nimekisoma huku nikisubiri soya ya jibini langu la tofu ilowe. Mtu miaka arobaini anatafuta mikunga inakozaliana, na asipaone! Ningekuwa mkewe ningemfukuza. Lakini kilipokwisha nilisikitika.

Leta kingine. Cha upelelezi, kama kipo.

Baba mkwe wako,
Kisaburo

Yokote, 18 Januari 1998

Mkwe wangu,

Natumai u mzima. Huku tunakula tofu ya moto na kumshukuru aliyebuni jiko.

Vifurushi vyote vimefika, asante. Cha upelelezi: muuaji nilimjua ukurasa wa thelathini. Kumbe siye. Cha mapishi ya soya: huyu mama hajawahi kutengeneza tofu hata siku moja. Cha mapenzi: upuuzi mtupu. Nimekisoma mara mbili, usimwambie mtu.

Mashairi sikuyaelewa. Ila pembeni mwa ukurasa mmoja Tomoharu ameandika kwa penseli: "Kama mvuke wa karakana ya Baba asubuhi." Niliukodolea macho mstari huo mpaka maziwa ya soya yakaungua sufuriani. Sikujua kwamba alikuwa akiutazama ule mvuke.

Pengine hakukwambia. Alipokuwa na miaka kumi na saba, nilimnyang'anya kitabu nikakitumbukiza kwenye pipa la maji ya tofu, mbele ya wateja. Sikumwomba radhi mpaka tukamzika.

Asante, Chizuru. Bila wewe ningekufa sijamjua mwanangu.

Baba mkwe wako

Yokote, 22 Machi 1998

Mkwe wangu,

U mzima kweli? Miezi miwili sijapata barua wala kifurushi. Kama yale ya pipa yamekuudhi, una haki. Kama unaumwa, sema nije, magoti yatanifikisha.

Nimerudia kile cha mikunga. Sasa namwelewa kidogo yule bwana.

Baba mkwe wako

Sendai, 10 Mei 1998

Baba,

Shikamoo. Nisamehe. Siumwi, wala hukuniudhi. Ile barua yako nimeilalia chini ya mto.

Hii nimeianza mara sita. Kuna mtu ameniposa. Anaitwa Murakoshi, fundi bomba, alikuja bomba langu lilipopasuka kwa baridi. Nimekubali. Harusi ni Oktoba. Niliogopa kukwambia, nisije nikawa nimekunyang'anya Tomoharu mara ya pili, baada ya kifo.

Hiki ndicho kitabu cha mwisho. Rafu imebaki tupu. Baada ya hapa, sijui nitakuandikia kama nani wako.

Chizuru

Yokote, 17 Mei 1998

Mwanangu Chizuru,

Marahaba. Mzima mimi, na nina hasira: karibu miezi minne nadhani umekufa, kumbe unaposwa!

Cha mwisho nimefika katikati. Huyu msafiri anatembea mno, anakula kidogo. Nitakimaliza.

Jana nilifunga karakana nikapanda treni hadi Akita, nikaingia duka la vitabu. Nina miaka sabini na moja na sikuwahi kukanyaga humo. Nilichagua kimoja cha mtu na mkewe waliojijengea nyumba mlimani huku wakigombana kila siku. Nimekisoma kwenye treni. Ukuta wao umepinda, lakini wanachekesha. Ni chenu. Murakoshi naye asome, aniandikie amekionaje, nijue ni mtu wa namna gani.

Muuzaji aliniuliza, "Nikufungie kama zawadi, mzee? Ni ya nani?"

Nikamwambia, "Ya binti yangu. Anaolewa Oktoba."

Akanipongeza. Nikainama kumshukuru, nikachelewa kuinuka, kwa sababu machozi yalikuwa yamenitangulia.

Baba yako