Boksi Moja, Majina Mawili

Kaka Elia,

Kompyuta yako ya ghalani haijazimwa tangu tukusafirishe Kibosho. Umeme wa Kariakoo ukikatika, betri inashika. Mimi nakaa pale pale kwenye stuli yako, ghorofa ya tatu, katikati ya marobota ya vitenge.

Unakumbuka ulivyonifundisha JavaScript, lugha yako ya kuandikia programu? Ulifungua robota ukaniambia nitazame. Robota lina vifurushi, kifurushi kina vitenge, kila kitenge kina rangi yake na bei yake. "Ndiyo hivyo hivyo, Aika. Boksi ndani ya boksi." Mabano yenye kiuno kwa kitu chenye sifa zake, mabano ya mraba kwa vitu vilivyopangwa foleni. Nikakuuliza kwa nini usinunue tu daftari, ukacheka mpaka ukakaa chini.

Katika programu uliyoliandikia duka letu kila mtu ana boksi lake: jina, simu, na ndani yake foleni ya ujumbe. Wewe ulikuwa ukiandika huku juu, Mama akisoma dukani chini kwenye tableti. Tuliporudi kutoka kukuzika nilihitaji boksi langu. Nikanakili lako kwa zile nukta tatu ulizonionyesha, nikabadilisha jina na simu, nikajiona fundi. Nikaandika kwangu kwamba marobota manne yamefika, yako rafu ya dirishani.

Kesho yake, chini ya maneno yangu, palikuwa na neno ambalo sikuliandika. "Umekula?"

Nilikuwa peke yangu, mchana kweupe, wasukuma mikokoteni wakipigiana kelele huko barabarani. Hilo ni neno lako. Ukinipigia simu ulianza nalo kabla hata ya salamu. Nikajibu: "Nimekula." Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu jana yake.

Ukaendelea kuja. "Kuna baridi huko?" Nikajibu kuna joto tu. "Wanakusumbua?" Nikajibu hapana. Sikumwambia mtu. Niliogopa, kaka, lakini niliogopa zaidi usije ukaacha. Nikawa napanda ghalani mapema, sishuki hata kunywa chai na Mama, naye wala haniiti.

Kisha Baba Mdogo akapiga simu kutoka nyumbani. Saruji imenunuliwa, fundi anasubiri, na Mama hataki kusikia habari ya kukujengea kaburi. Nikashuka kumuuliza kulikoni. Nikamkuta ameikumbatia tableti.

"Siwezi kumfunika kwa saruji mtu anayenijibu," akasema, akanionyesha ukurasa wako. Chini ya jina lako, kaka. Nimekula. Kuna joto tu. Hapana.

Nywele zilinisimama kwanza, akili ikaja baadaye. Zile nukta tatu hunakili boksi la nje peke yake. Foleni ya ndani haikunakiliwa. Ilibaki ile ile moja, na majina yetu yakawa milango miwili ya chumba kimoja. Nilichoandika kwangu, Mama alikisoma kwako. Alichokuuliza wewe, nilikijibu mimi. Wiki zote zile tulikuwa tunaongea sisi kwa sisi, ghorofa tatu kati yetu, kila mmoja akidhani ni wewe.

Ningeweza kunyamaza, na sitakuficha, nilitamani. Lakini nikamkalisha, nikafungua kurasa zote mbili mbele yake, nikaandika herufi moja kwangu. Ikatokea kwako. Mama akaigusa kwa kidole. Nilitegemea alie.

"Kwa hiyo aliyekuwa ananijibu ni wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na siku ile, ulikuwa umekula kweli?"

Nikatikisa kichwa. Akaagiza ndizi nyama kwa mama lishe wa nje, akakaa mbele yangu mpaka sahani ikaisha. Nilikuwa nalia na kutafuna.

Leo nimeyatenganisha. Nimeinakili na foleni ya ndani, mimi sasa nina yangu, wewe una yako, na mkono wa mtu hauingii tena humo. Kabla ya hapo tulikaa na Mama dukani tukaipitia mistari yote, huu wangu, huu wake. Mmoja ukakosa mwenyewe. "Dirisha halijafungwa." Si mimi. Mama ameapa si yeye. Nikapanda ghalani mbio, nikalikuta wazi, mvua imeanza kulowesha marobota ya pembeni.

Mstari huo nimekuachia kwenye foleni yako. Sikuuliza zaidi, na Mama pia hakuuliza.

Jumamosi tunakuja Kibosho. Mama amekubali saruji, ila anataka kuchagua msalaba mwenyewe. Nakuahidi chai nitakunywa chini pamoja naye, na dirisha nitalifunga mimi kila jioni, usihangaike nalo tena. Pumzika, kaka. Nimekula, na safari hii ni kweli.

Mdogo wako,
Aika